Safari ya Asubuhi Jangwani Dubai: Mchanga Nao Una Faida

Neno "safari" limezunguka sana duniani. Lilitoka katika lugha ya Kiarabu, likakaa katika pwani ya Afrika ya Mashariki hata likawa neno la Kiswahili, kisha wageni wa Ulaya waliokuja kuwinda na kutazama wanyama wakalichukua wakalitia katika Kiingereza. Leo neno hilo limerudi kwao Arabuni. Katika mji wa Dubai, mgeni akiisha kufika hotelini huulizwa kama ataka kwenda "safari" ya jangwani, na huenda anayemwuliza asitambue kwamba neno analolitumia lilipita Mombasa kabla ya kumfikia yeye.

Wakenya si wageni sana katika mji huo. Kutoka Nairobi ni mwendo wa saa tano hivi kwa ndege, na wako wengi waendao huko kununua bidhaa za kuuza, au kufanya kazi katika mahoteli, maduka na ulinzi. Lakini wengi wao huona majumba marefu na masoko tu, kisha hurudi nyumbani bila kuona jambo ambalo maelfu ya watu wa mataifa mengine hulipa fedha nzuri ili walione, yaani mchanga mtupu wakati jua linapochomoza. Huenda mkulima akacheka akisikia kwamba mtu hulipa ili aonyeshwe mchanga. Hata hivyo, jambo hili lina mafundisho, hasa kwa nchi kama Kenya, ambayo zaidi ya sehemu nne katika kila tano za ardhi yake ni kavu au nusu kavu.

KUONDOKA ALFAJIRI

Kampuni za utalii huuza safari za jangwani za namna mbili. Ya jioni huwa na chakula cha usiku na michezo ya ngoma. Ya asubuhi ni fupi na ya utulivu zaidi. Motokaa humchukua mgeni hotelini kungali giza, na kabla ya saa sita mchana huwa amekwisha rudi. Sababu ya kuondoka mapema ni hari. Katika miezi ya Juni hata Septemba, joto la mchana hupita nyuzi 40 za sentigredi, na mchanga huunguza miguu. Katika miezi ya baridi, tangu Novemba hata Machi, asubuhi huwa na ubaridi wa kumfanya mtu avae koti, na mara nyingine ukungu mzito hutanda juu ya barabara.

Safari nyingi hufuata barabara ya kwenda Hatta, hata kufika upande wa Lahbab, mahali panaposifiwa kwa mchanga wake mwekundu. Wekundu huo si ajabu kwa mtu wa Kiambu au Murang'a. Ni kutu ya chuma iliyoambaa juu ya kila chembe ya mchanga, na chuma ndicho kinachoufanya udongo wa milimani Kenya kuwa mwekundu vilevile. Tofauti ni kwamba udongo wa milimani hupata mvua, na mchanga wa Lahbab hupata upepo.

KUTOA UPEPO ILI KUENDELEA

Kabla ya kuingia mchangani dereva husimama, hushuka, na kuanza kutoa upepo katika magurudumu. Mgeni asiyejua hufikiri kwamba motokaa imeharibika, kumbe hapo ndipo kazi inapoanzia. Mpira uliojaa upepo sawasawa, kwa kadiri ya ratili 30 na kitu kwa inchi ya mraba, ni mgumu na mwembamba, nao hukata mchanga na kujizika. Ukipunguzwa hata ratili 15 hivi, hulala na kutanuka, na uzito wa motokaa hutawanyika juu ya eneo kubwa zaidi. Hiyo ndiyo hekima ya wayo wa ngamia, ambao ni mpana na laini, na hutanuka kila unapokanyaga.

Kisha motokaa hupanda vilima. Kila kilima cha mchanga kina pande mbili zisizofanana. Upande unaopigwa na upepo huinuka polepole na mchanga wake umeshikana, lakini upande wa pili huporomoka kwa ukali wa nyuzi 34 hivi, kwa kuwa mchanga mkavu hauwezi kusimama wima kuliko hapo. Dereva mwema hupanda kwa upande wa upepo, hupunguza mwendo juu kabisa ili aone kilichoko mbele, kisha hushuka moja kwa moja bila kupinda. Akishuka kwa mshazari, motokaa yaweza kupinduka. Kwa hiyo mikanda ya viti hufungwa, na wenye mimba, wagonjwa wa mgongo au wa moyo, na watoto wachanga hushauriwa wasipande motokaa hiyo. Wao wanaweza kupelekwa kambini kwa njia ya kawaida, na hawapotezi mengi, maana uzuri wa asubuhi hauko katika kurushwarushwa.

KUSOMA MCHANGA

Faida kubwa ya asubuhi ni kwamba upepo bado haujafuta maandishi ya usiku. Jangwani viumbe wengi hulala mchana chini ya ardhi na kutoka gizani. Mgeni akishuka katika motokaa na kutembea kwa miguu, huona nyayo za mbweha zilizonyoka kama uzi, vidole vidogo vya panya wa jangwani, na mstari wa madundu uliofanana na mshono wa cherehani. Mara nyingine huona nyayo za panya zikienda vizuri, kisha zikakoma ghafula, na kando yake alama za mabawa ya bundi. Habari yote imeandikwa hapo, na mwenye macho huisoma bila mkalimani. Kufika saa nne, upepo ukianza kuvuma, ukurasa wote huwa umefutika.

MTI NA NDUGU YAKE

Katikati ya mchanga huo husimama mti mmoja mmoja wenye majani mabichi, ingawa mvua huweza kukosa kunyesha kwa miezi mingi. Waarabu huuita ghafu. Mizizi yake huweza kushuka chini mita 30 kutafuta maji. Ni wa jamii ya kunde, kwa hiyo husaidia kuurutubisha udongo. Majani na maganda yake huliwa na ngamia na mbuzi, na kivuli chake kimekuwa mahali pa mkutano wa Mabedui tangu zamani. Mwaka 2008 Falme za Kiarabu ziliutangaza kuwa mti wa taifa.

Wasomaji wa Baringo watapendezwa kujua kwamba ghafu ni ndugu wa mti wanaoujua kwa uchungu, yaani mathenge. Mathenge ulitoka Amerika, ukapandwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Ukaenea hata ukafunga njia na malisho, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi, hata wakazi wakapeleka mbuzi asiye na meno mahakamani Nairobi kuwa ushahidi wa madai yao. Mti huohuo wa Amerika umeingia Falme za Kiarabu pia, na huko nako umekuwa magugu yanayomsumbua ghafu katika nchi yake mwenyewe. Miti hiyo miwili yafanana kwa majani, lakini mmoja ulizoeana na nchi yake kwa muda wa maelfu ya miaka, na mwingine uliletwa kwa haraka. Mkulima anayepewa mbegu ngeni yafaa aulize kwanza ndugu za mbegu hiyo wamefanya nini mahali pengine.

CHOROA ALIYEPITIA ISIOLO

Sehemu ya jangwa la Dubai, yapata kilomita za mraba 225, imezungushiwa ua na kufanywa hifadhi tangu mwaka 2003. Eneo hilo ni karibu sehemu moja katika kila 20 za nchi yote ya Dubai. Kampuni chache tu huruhusiwa kupeleka wageni humo, na motokaa zao hutakiwa kufuata njia zilizowekwa, ili mimea isikanyagwe. Humo, mgeni aliyefika mapema huweza kumwona mnyama mweupe mwenye pembe ndefu zilizonyoka, akila majani yenye umande. Huyo ni choroa wa Arabuni. Weupe wake hurudisha mwanga wa jua. Mchana huchimba shimo dogo chini ya mti akalala penye mchanga wa baridi. Naye huweza kukaa muda mrefu bila kunywa, akitosheka na maji yaliyomo katika majani.

Kuwapo kwa mnyama huyo ni jambo la kushukuriwa, maana alikuwa karibu kwisha kabisa. Zamani mwindaji alimfuata kwa ngamia na bunduki ya kizamani, na wengi waliponyoka. Zilipokuja motokaa na bunduki za kisasa, choroa hakuwa na mahali pa kujificha katika nchi iliyo wazi. Kufika miaka ya 1960 waliobaki walikuwa wachache mno.

Ndipo mwaka 1962 chama kimoja cha Uingereza cha kuhifadhi wanyama kilipotuma watu kwenda kukamata choroa wachache wakiwa hai, katika sehemu za mashariki za nchi ambayo leo ni Yemeni, karibu na mpaka wa Omani. Kiongozi wao alikuwa Meja Ian Grimwood, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyama wa porini nchini Kenya. Walifuata nyayo mchangani kwa malori, na ndege ndogo ikiwatafutia kutoka juu. Walipata wanne tu, na mmoja akafa. Watatu waliosalia waliletwa Kenya, wakatunzwa Isiolo, ambako hewa ni kavu kama ya kwao. Mwaka 1963 walipelekwa Phoenix, katika jimbo la Arizona, Marekani. Huko waliunganishwa na mmoja wa bustani ya wanyama ya London, mmoja kutoka Kuwaiti na wanne waliotolewa na Mfalme Saud wa Saudi Arabia. Jumla yao ikawa tisa. Kutokana na hao na wengine waliofugwa Arabuni kwenyewe, kundi likaongezeka.

Haikuwa mapema mno. Mwaka 1972 choroa wa mwisho wa porini aliuawa katika uwanda wa Jiddat al-Harasis, Omani. Kwa muda wa miaka kumi hapakuwa na hata mmoja aliye huru. Mwaka 1982 wa kwanza wakarudishwa katika uwanda huohuo, na watu wa kabila la Harasis wakaajiriwa kuwalinda. Mwaka 2011 umoja wa kimataifa wa kuhifadhi viumbe, IUCN, ulimwondoa choroa wa Arabuni katika daraja la walio hatarini kwisha, ukamweka katika daraja iliyo nafuu zaidi, kwa kuwa wa porini walikuwa wamefika kama 1,000.

Lakini habari hii si ya furaha tupu. Hifadhi ya choroa huko Omani ilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994. Baadaye wezi wa wanyama waliingia, na choroa waliokuwa 450 mwaka 1996 wakapungua hata 65. Kisha serikali ikapunguza eneo la hifadhi kwa sehemu tisa katika kila kumi. Mwaka 2007 hifadhi hiyo ikafutwa katika orodha, nayo ikawa ya kwanza duniani kufutwa hivyo. Kujenga kulichukua zaidi ya miaka ishirini, na kubomoa kulichukua kama kumi tu.

KAHAWA NA NGAMIA

Baada ya matembezi, wageni hupelekwa kambini kula chakula cha asubuhi chini ya hema. Mtu wa Mombasa au Lamu hapo hujiona yuko nyumbani. Kahawa hutoka katika dele, yenye harufu ya iliki, nayo humiminwa kidogo kidogo katika vikombe visivyo na mkono, pamoja na tende. Aliyetosheka hutikisa kikombe chake kidogo anapokirudisha. Asipokitikisa, mwenyeji ataendelea kummiminia. Ni adabu kupokea kwa mkono wa kuume.

Ngamia huwapo kwa wapendao kupanda. Nundu yake si pipa la maji kama wengi wanavyodhani, bali ni akiba ya mafuta. Ustadi wake ni kuyatunza maji: huacha joto la mwili wake lipande mchana ili asitoke jasho, kisha hulipoza usiku, naye akipata kisima huweza kunywa lita 100 kwa mara moja. Pengine huonyeshwa pia kozi, ndege wa mawindo aliyefundishwa kurudi mkononi mwa bwana wake. Siku hizi kozi hufundishwa kufuata nyama iliyofungwa kwenye kamba, maana kuwinda wanyama wa porini kumekatazwa na sheria.

Huenda msomaji akauliza kwa nini nchi yenye mafuta ijisumbue kuuza mchanga. Jibu ni kwamba watu wa Dubai wamekwisha onja kupoteza riziki moja. Kabla ya miaka ya 1930 waliishi kwa kuzamia lulu. Wajapani walipoanza kuzalisha lulu kwa ufundi, bei ikaanguka na njaa ikaingia. Wakati huo majahazi ya Ghuba yalikuja na pepo za kaskazi hadi Mombasa na Lamu, yakileta tende na chumvi, na kurudi na kusi yamejaa boriti za mikoko. Boriti hizo zingali zaonekana katika dari za nyumba za kale za Dubai. Mafuta yaligunduliwa mwaka 1966, lakini hayakuwa mengi kama ya jirani zao wa Abu Dhabi. Kwa hiyo walijenga bandari, wakakaribisha biashara, na baadaye wakatazama kilichobaki, wakaona ni mchanga, jua na desturi za wazee wao. Hivyo navyo vikawa mali.

MAMBO YA KUANGALIA

Msomaji atakayejaliwa kwenda yafaa akumbuke mambo machache. Apatane bei kabla ya kuondoka, na aulize kama ni kwa kila mtu au kwa motokaa nzima, na kama kupanda ngamia na chakula vimo ndani. Aulize pia kama safari itaingia katika hifadhi au la, maana wengi huuziwa mwendo wa vilimani tu wakitumaini kuona choroa. Avae nguo nyepesi zinazofunika mikono na miguu, achukue kofia, koti la asubuhi na maji ya kutosha. Asipige picha za wanawake wala za nyumba za watu bila ruhusa. Asiokote mmea wala mjusi, na takataka zake arudi nazo. Zaidi ya yote, asiachane na wenzake, maana vilima hufanana, na mtu huweza kupotea karibu sana na kambi.

CHOROA WA KWETU

Kenya nayo ina jangwa. Chalbi, katika kaunti ya Marsabit, ni sakafu ya ziwa la kale iliyokauka ikabaki chumvi na udongo mweupe, na pembezoni mwake wako Wagabra na Warendile wenye ngamia wao. Wajuao kusoma nyayo, kutafuta maji na kutambua majani ya dawa wamo huko tangu zamani, wala hawahitaji kufundishwa na mtu wa Ghuba. Kinachohitajika ni barabara, usalama, na mapatano ya haki, ili fedha ya mgeni imfikie mwenye malisho, wala isiishie mjini tu. Penye mapatano hayo mwenyeji hulinda mnyama kama alindavyo mbuzi wake; pasipokuwapo, mnyama huwa wa serikali, na mali ya serikali haina mchungaji.

Na hatari iko karibu. Choroa wa Kenya, aishiye Isiolo, Samburu na Marsabit, ni ndugu wa yule mweupe wa Arabuni. Ingawa uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, amepungua kwa ujangili, ukame na kusongwa na mifugo, hata mwaka 2018 IUCN ilimtia katika daraja la walio hatarini kwisha, lile lile ambalo ndugu yake alikuwa ametolewa miaka saba mbele. Isiolo iliwatunza watatu wa ugenini mpaka wakapata kuzaana na kujaza tena majangwa ya kwao. Wa kwake mwenyewe hawahitaji ndege ya kuwapeleka Amerika. Wangali wako malishoni, na kazi ya kuwalinda ni ya wale wanaowaona kila asubuhi.